Hatua kwa Hatua au kwa Pigo Moja? Mjadala wa Bima ya Afya katika Miji ya Butembo na Beni

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mjadala ambao umewagawa kwa miaka mingi waganga, wachumi na viongozi wa vyama vya kusaidiana katika Kongo ya Mashariki. Je, bima ya afya ijengwe polepole, kundi baada ya kundi na kijiji baada ya kijiji, au iwekwe kwa sheria moja itakayomfunga kila raia siku moja? Tumeichagua miji ya Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu Kaskazini, kwa sababu wakazi wake wamezoea kujijengea mambo yao kwa michango kuliko kuingoja serikali iliyo Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka huko. Isitoshe, ni wakazi hao hao walioshuhudia, baina ya mwaka 2018 na mwaka 2020, jinsi matibabu ya bure yanavyoweza kuletwa ghafla na jinsi yanavyoweza kuondoka. Hoja za pande zote mbili zimejaribiwa huko juu ya miili ya watu, si vitabuni tu.

Kwa kuwa jarida hili ni la Kiswahili, tutaanza na maneno. Wala si kwa mapambo: tunaamini kwamba sehemu ya ugomvi huu imetokana na watu kutumia neno moja kwa mambo mawili tofauti.

Suala la istilahi

Katika Kiswahili sanifu neno tulilo nalo ni bima. Ni neno la bandarini, na hadi leo katika masikio ya wengi hutangulia kuleta picha ya motokaa na shehena kabla ya kuleta picha ya mgonjwa. Katika Kiswahili cha Butembo na Beni, kinachosemwa sambamba na Kinande, mtu wa kawaida husikia zaidi neno la Kifaransa mutuelle, ambalo nchini Rwanda limekwisha kutoholewa na kuandikwa mituweli. Tofauti ya maneno haya mawili si ya matamshi peke yake. Bima huashiria mkataba baina ya mtu na shirika asilolijua. Mituweli huashiria watu wanaojuana, waliokubaliana kubebana mizigo. Anayesema "bima ya taifa" na anayesema "mituweli ya parokia yetu" wanaweza kubishana mchana kutwa, kila mmoja akidhani mwenzake anapinga kitu ambacho kwa kweli hajakitaja.

Kuna na mkanganyiko wa pili, nao una madhara zaidi. Wakazi wa miji hii wanaufahamu vizuri mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ambao Wakongo wengi huuita likelemba na Watanzania huuita upatu. Katika upatu kila mtu hutoa na kila mtu hupata. Zamu haina budi kufika. Katika bima ya afya mambo ni kinyume: mwanachama mwenye bahati ni yule ambaye zamu yake haifiki kamwe. Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka makarani wa mituweli huulizwa swali lile lile: "Mimi sikuugua, fedha yangu iko wapi?" Wako wataalamu wanaolichukulia swali hili kama ushahidi wa ujinga. Sisi hatukubaliani nao. Muulizaji anatumia tu sarufi ya upatu katika jambo lisilo upatu, na kosa ni la aliyemweleza bima kwa mfano wa upatu ili kumshawishi haraka. Ndugu wa karibu zaidi wa bima ni mchango wa matanga, ambapo mtu hutoa bila kutamani zamu yake. Hata hivyo mchango wa matanga hutolewa msiba ukishatokea, maiti akiwa ndani na majirani wakiwa uani. Bima hudai fedha siku ambayo hakuna anayelia.

Neno la tatu ni bure. Kiswahili, kwa busara au kwa ukatili, kimeunganisha katika neno moja kisicholipiwa na kisicho na faida. Tutaliona hilo likifanya kazi yake hapo mbele.

Nani hulipa sasa

Mfumo wa afya wa Kongo umegawanywa katika kanda za afya, ambazo kila moja ina hospitali kuu ya rufani na vituo kadhaa vya afya vilivyo chini yake. Mgawanyo huu uliwekwa katika miaka ya 1980, zikiwa kanda 306. Leo zimepita 500. Butembo mjini kuna kanda mbili, ya Butembo yenyewe na ya Katwa. Beni ina yake. Na kuzunguka miji hii ziko Oicha, Mabalako, Kalunguta, Mutwanga, Musienene, Vuhovi, Kyondo na nyinginezo. Hospitali nyingi huendeshwa na makanisa au kwa ubia baina ya makanisa na serikali. Butembo ina pia Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, chenye kitivo cha tiba na hospitali yake.

Mgawanyo huo kwenye karatasi ni mzuri, na ulisifiwa sana ulipobuniwa. Lakini tangu serikali ya Zaire ilipoanza kushindwa kulipa mishahara na dawa, uendeshaji wa kila siku umetegemea fedha ya mgonjwa. Kwa hesabu za kitaifa, karibu asilimia 40 ya matumizi yote ya afya nchini hutoka moja kwa moja mifukoni mwa familia. Wafadhili wa nje nao hubeba sehemu inayokaribiana na hiyo, na serikali inabaki na kipande kidogo. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 humtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na jamaa yake, lakini hilo linamhusu mwenye ajira ya maandishi. Mchuuzi wa Butembo, mkulima wa kakao wa Mangina, mbeba mizigo wa Kasindi na fundi wa pikipiki hawamo.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kulala au kumlaza mtu katika hospitali za Kongo. Mgonjwa aliyepona lakini hajalipa haruhusiwi kutoka. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hubaki wodini wiki baada ya wiki, akilala sakafuni kitanda chake kikishapewa mwingine, huku ndugu zake wakizunguka kuuza mbuzi au kuweka shamba rehani. Hospitali haifanyi hivyo kwa roho mbaya: mishahara ya wauguzi wake imo katika ankara ile. Anayetaka kuupima mfumo wowote wa bima, uwe wa hatua au wa pigo moja, na aanzie kwa mama huyu na aulize atatoka lini.

Hoja ya wanaotaka hatua

Wanaotetea mwendo wa hatua kwa hatua wana mfano mmoja wa Kikongo ambao hawaachi kuutaja, na wana haki kuutaja. Mwaka 1986, huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, kanda ya afya iliyosaidiwa na mradi wa maendeleo ilianzisha bima ya kulazwa hospitalini. Haikuahidi kila kitu. Ilishughulikia matibabu ya hospitali tu, na mwanachama alilipa sehemu ya tano ya gharama, mfuko ukilipa iliyobaki. Mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, na ulikusanywa katika majuma yale wakulima wanapouza mazao yao. Katika mwaka wa kwanza walijiunga zaidi ya robo ya wakazi, na katika miaka iliyofuata wanachama wakapita nusu, wakati dola ya Zaire ilikuwa ikiporomoka na bei zikipanda kila wiki.

Mafunzo ya Bwamanda ni ya aina ambayo haipatikani katika sheria. Siku ya kukusanya mchango ina uzito kuliko kiasi cha mchango. Mkulima wa Beni ana fedha wakati wa mavuno ya kakao au kahawa, na miezi miwili baadaye hana. Mfuko unaomdai kila mwezi utamfuta kabla ya mwaka kwisha. Pili, watu huuamini mfuko wanapoona jirani aliyelazwa akirudi nyumbani bila deni. Ushahidi huo hutembea kwa miguu, kutoka kilima hadi kilima, wala hauharakishwi kwa tangazo la redio. Huko Bukavu, katika Kivu Kusini, idara ya afya ya jimbo katoliki ilianza kujenga mituweli katika miaka ya 1990, na iliendelea nazo katika miaka ya vita. Serikali zilibadilika, mifuko ikabaki.

Kwa mji kama Butembo hoja hii ina mvuto wa pekee. Wafanyabiashara wake, ambao biashara yao imefika Kampala, Dubai na Guangzhou, wana mazoea ya kukusanyana fedha kwa barabara na majengo ambayo kwingineko yangesubiri hazina ya serikali. Vikundi vya kuweka na kukopa viko katika kila mtaa. Watetezi husema: hapa tayari kuna kuaminiana, kuna mahesabu, kuna watu waliozoea kutoa, kinachohitajika ni kuongeza juu yake.

Hesabu ya chungu kimoja

Hata hivyo hoja hiyo, iwe nzuri kiasi gani, inagongana na hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mfuko una wanachama 1,000. Kila mmoja hutoa dola 5 kwa mwaka. Makusanyo ni dola 5,000. Tuseme kwa wastani watu 40 hulazwa kwa mwaka na kila mmoja hugharimu dola 100. Matumizi ni dola 4,000, na 1,000 inabaki kwa karani, daftari na akiba. Mfuko unaonekana salama. Lakini wastani si ahadi. Mwaka mmoja, kwa bahati mbaya tu, wagonjwa 40 wanaweza kuwa 50, na makusanyo yote yakaisha bila karani kulipwa. Tukiwa na wanachama 100,000 badala ya 1,000, wagonjwa wanaotarajiwa ni 4,000, nao ni nadra sana kupita 4,200. Bahati mbaya ya huyu hufutwa na bahati njema ya yule. Ukubwa wa chungu wenyewe ni dawa.

Tatizo la pili ni la hiari. Iwapo kila mtu yuko huru kujiunga au kutojiunga, kijana mwenye nguvu atasema atajiunga mwakani, na mama mwenye mimba atajiunga leo. Katika mfuko wetu wa 1,000, tuseme waondoke 500 walio na afya bora. Waliobaki ni 500, lakini kati ya wagonjwa 40 labda 35 ni wao. Makusanyo yameshuka hadi dola 2,500 na gharama ni 3,500. Ili mfuko usife mchango hauna budi kupanda hadi dola 7, na hapo watakaoondoka ni wale wenye afya kidogo kati ya waliobaki. Mzunguko huu hauhitaji mwizi wala mzembe. Unaweza kuuua mfuko unaoendeshwa kwa uaminifu kamili.

Lakini jambo la tatu ndilo linalotugusa zaidi katika Beni na Butembo, nalo husahauliwa katika vitabu vilivyoandikwa katika nchi tulivu. Hesabu ya chungu kikubwa inadhani kwamba misiba huwajia watu mmoja mmoja. Vita na maradhi ya mlipuko havifanyi hivyo. Huwajia watu wote wa kilima kimoja kwa usiku mmoja. Mfuko wa Oicha, hata ungekuwa na kila mkazi wa Oicha, ungeanguka siku ambayo Oicha yote inakimbia. Chungu kinachoweza kuibeba Beni lazima kiwe na watu wa Lubumbashi, Kolwezi na Kinshasa ndani yake. Hakuna idadi ya mituweli za parokia itakayofanya kazi hiyo zikibaki zimetengana. Hapa, kwa maoni yetu, watetezi wa sheria moja ya taifa wana hoja isiyojibika.

Bure iliyokuja na ugonjwa

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, katika kanda ya Mabalako. Mlipuko huo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Beni, Katwa, Mabalako na Butembo zilikuwa miongoni mwa kanda zilizoumia zaidi.

Mwanzoni mwa mlipuko, wizara ya afya chini ya waziri Oly Ilunga ilitangaza matibabu ya bure katika kanda zilizokumbwa, si kwa Ebola tu bali kwa maradhi ya kawaida pia. Mantiki yake ilikuwa ya kitabibu: mtu mwenye homa anayeogopa ankara atabaki nyumbani, na iwapo homa ile ni Ebola ataiambukiza nyumba nzima. Hii ilikuwa, kwa kipimo cha miji miwili na vijiji vyake, ile hatua ya pigo moja ambayo wapinzani wa mituweli walikuwa wakiiomba. Hapakuwa na kadi, hapakuwa na mchango wala orodha. Mtu alifika akatibiwa. Mwaka huo huo, katika jimbo la Équateur ambako mlipuko mwingine ulikuwa umetokea miezi michache kabla, hatua ya namna hiyo iliongeza mno idadi ya waliofika vituoni. Kwa maneno mengine, watu wale hawakuwa wakikaa nyumbani kwa sababu ya mila au kutojua. Walikuwa wakikaa nyumbani kwa sababu ya bei.

Jambo hili linastahili kusisitizwa, kwani kwa miaka mingi semina za uhamasishaji zimefanywa vijijini kana kwamba mkulima hajui maana ya hospitali.

Lakini bure hii ilikuwa na mzazi, na mzazi wake alikuwa Ebola. Ilitangazwa kwa muda. Fedha yake ilikuwa fedha ya dharura. Na vituo vilivyokuwa vikiishi kwa ankara za wagonjwa vililazimika kungoja vifidiwe. Wakazi nao walifanya hesabu yao. Waliuliza kwa nini malaria na surua, zilizokuwa zikiua watoto wao miaka yote, hazikuwahi kuleta magari na dawa za bure, wala kwa nini mauaji ya raia yaliyoanza Beni mwaka 2014 hayakuleta msaada wa kiasi hicho. Shaka ikageuka hasira, na hasira ikachanganyika na siasa na silaha. Februari 2019 vituo vya kutibu Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, raia wa Kameruni aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo.

Tusiseme kwamba matibabu ya bure ndiyo yaliyoleta hayo. Ingekuwa uongo na dhuluma. Tunachosema ni kwamba kitu cha bure kisicho na historia wala mwenyewe hakiaminiki kwa urahisi. Mwanachama wa mituweli anajua kwa nini anatibiwa bila kulipa: alilipa wakati wa kahawa. Mkazi wa Beni mwaka 2018 hakujua, na alilazimika kukisia.

Majirani walivyofanya

Rwanda ndiyo inayotajwa mara nyingi, na mara nyingi hutajwa vibaya. Wanaosifu pigo moja husema Rwanda ililazimisha. Wanaosifu hatua husema Rwanda ilianza na mituweli. Zote mbili ni kweli kwa zamu. Majaribio yalianza mwaka 1999 katika wilaya tatu. Sera ya taifa ikaja mwaka 2004. Sheria iliyofanya uanachama kuwa wa lazima ikatungwa mwisho wa mwaka 2007. Kwa miaka kadhaa kila mtu alitoa faranga 1,000; mwaka 2011 michango ikapangwa kwa uwezo, ya chini ikiwa 2,000 na ya juu 7,000, na mwaka 2015 usimamizi ukahamishiwa katika shirika la hifadhi ya jamii la taifa. Waliojiunga walitoka chini ya mmoja kwa kumi hadi zaidi ya wanane kwa kumi katika muda usiofika miaka kumi. Lakini kilichowezesha lazima hiyo ni utawala unaofika hadi nyumba ya mwisho ya kilima, pamoja na fedha ya wafadhili kwa ajili ya maskini. Nguvu ya namna hiyo Kivu Kaskazini haina, na wako wasioitamani.

Uganda, ambayo watu wa Beni huifikia kupitia Kasindi, ilifuta ada za matibabu katika vituo vya serikali mwezi wa Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais. Wagonjwa waliongezeka sana, hasa maskini. Baadaye dawa zikapungua vituoni, na wengi wakajikuta wakinunua madukani kile walichokuwa wakilipia zahanati. Bima ya taifa bado haikupatikana: muswada uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukupata saini ya rais.

Tanzania ilifuata mwendo wa hatua kwa uvumilivu wa ajabu: jaribio la mfuko wa afya ya jamii huko Igunga mwaka 1996, sheria yake mwaka 2001, marekebisho mwaka 2018, na hatimaye Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Miaka 27, na muda mwingi wa miaka hiyo wanachama wa mifuko ya wilaya walikuwa wachache. Kenya ilichagua pigo. Baada ya muswada wa mwaka 2004 kukosa saini ya rais, nchi ilikaa na mfuko wake wa mwaka 1966 hadi sheria ya mwaka 2023 ilipoufuta na kuweka mpya, ulioanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 baada ya mivutano mahakamani. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75. Wasio na mishahara walitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, jambo lililowashinda wengi, na mwaka 2025 serikali ikaanzisha mpango wa mkopo wa kulipia uliopewa jina la Lipa SHA Pole Pole. Msomaji atatusamehe tukitabasamu kidogo: neno pole pole lilifukuzwa mlangoni likaingia dirishani.

Hata huko Ujerumani, kwa Bismarck, sheria ya mwaka 1883 iliwahusu wafanyakazi tu, na zaidi ya miaka mia ilipita kabla ya karibu kila mtu kuingia. Korea Kusini ilitumia miaka 12, kuanzia 1977 hadi 1989.

Sheria za Kinshasa

Kongo yenyewe imefanya nini? Katiba ya mwaka 2006 inathibitisha haki ya afya. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka misingi ya mituweli, na ile ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya umma. Baraza la taifa la kusimamia afya kwa wote liliundwa mwaka 2021, na mfuko wa mshikamano wa afya ukafuata mwaka 2022. Mwezi wa Septemba 2023, mjini Kinshasa, ulizinduliwa mpango wa uzazi wa bure kwa mama na mtoto mchanga, ambao umekuwa ukipanuliwa katika majimbo mengine.

Hapa ndipo tunapoona kwamba maswali mawili yaliyotajwa mwanzoni yalikuwa yameulizwa vibaya. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2010, lilifananisha jambo hili na sanduku lenye pande tatu: ni watu gani wanaoingia, ni huduma zipi zinazotolewa, na ni sehemu gani ya gharama inayolipwa. Bwamanda ilianza na huduma moja kwa wote waliotaka wa kanda moja. Mpango wa uzazi wa Kinshasa umeanza na huduma moja bila mchango, mji kwa mji. Ebola ilileta huduma zote kwa watu wote, kwa muda. Zote ni hatua. Zinatofautiana ni upande gani wa sanduku uliofunguliwa kwanza. Kuchagua uzazi kwanza kuna akili, kwa sababu mimba haiigizwi ili kuuchuma mfuko, na kwa sababu kunamgusa yule mama tuliyemwacha sakafuni. Udhaifu wake ni ule ule wa mwaka 2018: hospitali ya kanisa iliyomzalisha bila malipo inangoja fidia kutoka Kinshasa, na muuguzi wake anakula leo.

Kwa hiyo tungependekeza, kwa Butembo na Beni, kwamba serikali isizivunje mituweli kwa kisingizio cha kuleta bima ya taifa, wala isiziachie mzigo zisioweza kuubeba. Kituo cha afya na maradhi madogo yabaki kwa mfuko wa mahali, wenye karani anayejulikana na siku ya mchango inayofuata mavuno. Upasuaji, uzazi mgumu na mlipuko viwe mzigo wa chungu cha taifa, na fidia ilipwe hospitali kabla, si baada. Tunakiri kwamba sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Mwenye kadi anapokimbia

Limebaki jambo moja ambalo hatujaliona likijadiliwa vya kutosha. Mituweli huandikisha watu kwa kanda, na mara nyingi kwa eneo la kituo kimoja cha afya. Kadi ya mwanachama husomeka pale tu. Katika nchi tulivu hilo si tatizo kubwa. Lakini tangu mwaka 2014 watu wa Eringeti, Mbau, Kamango na Oicha wamekuwa wakikimbilia Beni na Butembo, wakirudi, na kukimbia tena. Na tangu mwaka 2024 wengine wamepanda kutoka Kanyabayonga na Kirumba, kusini mwa Lubero, mbele ya mapigano ya M23. Goma ilipotwaliwa na kundi hilo mwezi wa Januari 2025, hata utawala wa jimbo ulihamia Beni.

Mkulima aliyelipa mchango wake huko Mbau baada ya kuuza kakao, kisha akakimbia usiku wa wiki ya pili, anafika Butembo akiwa na kadi ambayo karani wa Butembo haitambui. Alifanya yote aliyohimizwa katika semina: aliweka kabla ya kuugua, aliamini, hakudai fedha yake. Mtoto wake akishikwa na homa, anarudi katika daraja la yule ambaye hakulipa chochote. Tena ni mtu kama huyu ambaye kila mfuko mdogo utakwepa kumpokea, kwa kuwa anakuja na jamaa kubwa, uchovu na maradhi ya njiani, na mchango wake uko katika sanduku la kanda nyingine.

Dawa ya tatizo hili haihitaji kungoja bima ya taifa ikamilike. Yanatosha makubaliano baina ya mifuko ya kanda hizi kumi hivi, kwamba kadi ya mmoja iheshimiwe na wote kwa muda maalumu, na mahesabu yasawazishwe mwishoni mwa mwaka, kama wafanyabiashara wa Butembo wanavyosawazisha madeni yao na wenzao wa Kampala bila noti kuvuka mpaka. Ni hatua ndogo, lakini ni hatua iliyo upande wa chungu kikubwa. Itakapofika siku ya kuanzisha mfuko wa taifa, kanda zitakazokuwa zimezoea kutambuliana kadi zitakuwa zimekwisha kufanya sehemu ya kazi ambayo sheria, kwa herufi zake peke yake, haiwezi kuifanya.